Mashimo ya Baruti Yaliyopotea Kwenye Diski

Kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Nimenyamaza tangu enzi za Zaïre, na hapa Kolwezi bado wananisalimia kwa heshima. Mkitaka kunichukia mkimaliza kusoma, nichukieni.

Nilikuwa mkuu wa chumba cha ordinateri, yaani kompyuta, kwenye mgodi mmoja. Kila jioni msimamizi wa baruti alitupigia simu kututajia mashimo ambayo baruti yake ilikataa kulipuka. Karani wetu, Kapinga, aliyaingiza kwenye mashine, na asubuhi tuliwachapia watoboaji wa mwamba karatasi ya mahali pa kuepuka. Nakala ya mkono niliipiga marufuku mimi, kwa majigambo.

Diski ilikuwa nzito kuandika, kazi ikachelewa. Nikaipanga mashine ipokee kila kitu kwenye kumbukumbu yake kwanza, halafu iandike kwenye diski baadaye, kwa mkupuo. Tukawa wepesi. Mkurugenzi akanisifu mbele ya watu.

Kapinga akanifuata. Alisema mambo mengine, kama hesabu za bohari, yanaweza kusubiri, lakini ya baruti yaende moja kwa moja kwenye diski, hata yakichelewa.

"Tata shefu, ile mashine inatudanganya," alisema. "Inasema imeandika, kumbe haiyaandika. Kuran ya umeme ikikatika, bitu yote itapotea."

Alisema kweli, ndiyo maana nilimchukia. Mwanamke, tena wa asili ya mkoa wa Kasai, anifundishe kazi mimi? Nikamjibu mbele ya wenzake arudi kwao. Kwao kulikuwa hapa hapa. Baba yake alizeekea mgodini.

Haukupita muda. Jioni moja Kapinga aliingiza mashimo, kioo cha mashine kikamjibu kwamba yameandikwa, akaenda nyumbani. Umeme ukakatika. Uliporudi niliwasha mashine, sikukagua chochote. Asubuhi karatasi ikatoka haina shimo hata moja, nikatia sahihi.

Tata Mwepu, mtoboaji na jirani yangu, akatoboa palepale penye baruti iliyokataa. Baruti ikamlipukia. Hospitali hakufika mzima.

Mkurugenzi aliuliza nani aliingiza. Nikasema Kapinga, na kwamba alisahau. Kapinga hakuulizwa neno, akafukuzwa. Alinikuta mlangoni, macho makavu.

"Mi niliandika," aliniambia. "Na we unajua."

Mtaani walimwita muuaji. Watoto wa Mwepu walirusha mawe kwenye bati la nyumba ya Kapinga, nami nikitazama dirishani. Mwishowe alipanda treni na mama yake mzee, wakaenda Mutshatsha kuchoma makaa. Mimi nilibeba jeneza la Mwepu. Mjane wake alinishukuru.

Ninyi mnaokaa mbele ya mashine, msiiamini inaposema imeandika. Subirini mpaka iandike kweli, hasa uhai wa mtu ukiwa ndani. Na mkiharibu, semeni kabla hamjaulizwa. Ukishamtaja mwenzako, mdomo haufunguki tena.

Jina la Kapinga nimeliandika hapa wazi. Langu, mnaona wenyewe, nimeshindwa.