Mkono wa Pili Bwawani

Samaki walikuwa wakifa alfajiri. Hawakuwa na jeraha wala doa. Kabla jua halijatoka walipanda juu, wakaning'inia chini kidogo ya uso wa maji, midomo nje, wakifungua na kufumba, kufungua na kufumba. Kukipambazuka, baadhi walikuwa wamelala ubavu.

Mama Sare aliwaokota kwa ungo na kuwafukia nyuma ya choo. Walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake: nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule na sare alizowashonea. Bwawa lilikuwa la marehemu mumewe, dereva wa lori, aliyelichimba kwa koleo siku zake za mapumziko hadi likaijaza nusu ya ua. Mapafu ndiyo yaliyomuua. Mwishoni alikaa kitako kitandani usiku kucha, mdomo wazi, akiitafuta hewa iliyojaa chumba kizima ila kwake. Kwa hiyo mkewe alipowaona wale perege wakitweta, aliugeuza uso upande. Akawa anaokota huku akitazama ukuta.

Shemeji yake alikuwa amekwisha kusema neno lake: "Wakiendelea kufa, tulifukie. Maji yaliyokufa yamekaa uani, na mama yangu haoni vizuri. Ipo siku atatumbukia." Ukoo mzima uliitikia. Mama Sare peke yake ndiye aliyeomba apewe muda, maana bwawa likishafukiwa, asingebakiwa na kitu cha mumewe kinachopumua.

Kwanza alimshuku jirani, fundi wa kupaka rangi samani, ambaye maji yake ya kuoshea brashi yalitiririka kando ya ukuta. Akamwendea ameshika kiuno.

"Fundi, unaniulia samaki."

"Mimi?" Fundi alijipangusa mikono kwenye suruali yenye rangi zote za dunia. "Mama Sare, mimi ningekuwa na sumu ningeanza na panya wangu. Wamenenepa, wananisalimia kwa jina! Njoo uone." Akammwagia debe la maji mtaroni. Maji yakateremka kuelekea barabarani, mbali na ukuta wake. "Umeona? Hata uchafu wangu unakukimbia."

Mama Sare alicheka bila kupenda, akarudi nyumbani na aibu yake. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, fimbo mapajani, macho yake yenye ukungu yakielekea bwawani.

"Wamekufa wengine?"

"Wachache, mama."

"Mwanangu anawaita," mama mkwe alisema. "Upweke umemshinda huko."

Siku ile Mama Sare hakuweza kunyoosha hata mshono mmoja.

Bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji samaki, alikuja akiwa amepandisha suruali magotini. Aliingiza mti mrefu bwawani, akauchomoa na tope jeusi lenye harufu ya yai viza, akamnusisha.

"Hakuna sumu. Ni shibe. Pumba wanazoziacha zinazama, zinaoza, na uozo unakula hewa ya maji. Alfajiri hewa inakuwa imekwisha. Hawa wanakosa pumzi, mama."

Mama Sare alishika ukuta. "Nawapa kopo moja tu, asubuhi."

"Kopo moja halifanyi hivi."

"Nakwambia moja!"

"Basi," alisema yule bwana kwa upole, akinawa miguu, "kuna mkono mwingine. Toa maji nusu, uweke mapya. Na huo mkono uutafute."

Maneno hayo alikaa nayo chumba cha mbele, alimoshonea hadi magharibi. Jioni ndipo mumewe alipokuwa akiwalisha samaki, na tangu afe, jioni yeye hakukanyaga uani. Aliacha mota ya cherehani ingurume hadi giza liingie. Ila siku hiyo umeme ulikatika. Cherehani ikanyamaza, na katika ule ukimya akasikia kutoka uani kopo likigongwa ndooni, mara mbili, kama alivyoligonga marehemu. Kisha maneno yake yenyewe: "Haya njooni, wavivu wakubwa nyie! Mnangoja kualikwa?"

Nywele zilimsimama. Alipita ukumbini akipapasa kuta, akafika mlango wa nyuma.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa ukingoni, fimbo kando, akimwaga pumba kwa viganja. Maji yalikuwa yakichemka kwa samaki.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama."

"Ah." Kikongwe hakugeuka. "Nilijua jioni huwezi. Nikasema, wasilale njaa watoto wa mwanangu. Nikiwaita kwa maneno yake wanakuja, unasikia? Wanakuja wote." Akatikisa kiganja juu ya maji. "Wengine niliowazaa naita, wanasema wana kazi."

Mama Sare alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, tayari, lenye haki yote: mama, ni sisi tunaowaua. Alimtazama mgongo ule mwembamba, na mkono ule uliolowa hadi kiwiko, ukiguswaguswa na midomo midogo.

"Bwana samaki amesema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Amesema maji yamechoka. Tutabadilisha." Akaliokota kopo. "Na amesema wale mara moja tu kwa siku. Jioni."

"Na wewe asubuhi?"

"Asubuhi nina sare za watu, mama."

Waliendelea kufa kwa muda, wachache wachache, kisha wakaacha. Shemeji alipokuja na habari za kifusi alikuta maji yametakata, akala, akaondoka. Lakini kila alfajiri Mama Sare alipopita kwenda kuteka maji ya kuoga, samaki walimfuata ukingoni na midomo yao, wakidai pumba za asubuhi walizozizoea, naye akapita mikono mitupu, akijikaza asiwatazame.

Siku moja alipita, na maji yakabaki tuli. Alisimama. Akachutama, akagusa maji kwa ncha za vidole, akangoja. Vivuli vyao vilipita chini taratibu; hakuna aliyemjia tena.

"Wapo?" sauti ya mama mkwe iliuliza kutoka ndani.

"Wapo, mama," alijibu. "Wako chini."