Damu ya Mzee

Walimwita Fundi Macho, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutambua rangi za treni za bati, zile za kuchezea za zamani, na msije mkacheka. Wenye kuzikusanya walimletea kutoka mbali, wamezifunga kwenye taulo kama watoto wachanga. Aliketi dirishani, akaigeuza treni tumbo juu, akachungulia ndani ya mkunjo wa bati ambako jua halijawahi kufika. Pale rangi haichujuki. Nyekundu zilikuwa tele. Iliyosakwa na wote ilikuwa ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea ikaelekea weusi, na maisha yake yote alikuwa ameishika moja tu.

Basi mwaka huo akapata ya pili. Haukupita muda, ya tatu. Ilipokuja ya nne alimwambia mkewe, "Mama watoto, nyota yangu imewaka," na mkewe akamjibu isije ikamuunguza. Wakacheka. Lakini usiku usingizi ulimruka, maana vitu adimu tangu lini vikaja kwa foleni?

Asubuhi moja vumbi lilimwingia jicho la kushoto. Akalifumba, akaitazama treni iliyokuwa mkononi. Nyekundu, ya kawaida kabisa. Akalifumbua: damu ya mzee. Akafumba, akafumbua, na kila mara ikawa vilevile.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, basi. Wenye treni alishawathibitishia, na asipokuwa Fundi Macho atakuwa nani? Tangu siku hiyo akafanya kazi kwa jicho la kulia, kichwa upande, na mkewe akamtania kwamba sasa anawakonyeza wateja.

Mvua zilipokwisha akaletewa nyingine. Akafumba la kushoto kama alivyozoea. Damu ya mzee, hadi ndani ya mkunjo. Akageuka kuelekea jikoni.

"Mama watoto, hebu njoo. Hii rangi gani?"

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono. "Leo wewe ndiye wa kuniuliza mimi rangi?" Akainama. "Hii si ni nyekundu tu, ya kawaida? Kama kitambaa changu."

Alikuwa amekifunga kichwani, kile alichonunuliwa na mumewe walipooana. Fundi Macho akainua uso polepole, jicho la kushoto bado amelifumba, akakitazama.

"Ndiyo," akasema. "Kama kitambaa chako."

Na kweli vilifanana. Vyote viwili vilikuwa damu ya mzee.