Mama Domitille na Darasa la Usemi wa Lugha Mbili

Saa mbili asubuhi, Domitille Kabemba anaweka picha ya mwiko mbele ya mama aliyepigwa na kiharusi. Anauliza jina la kitu hicho kwa Kifaransa, anangoja. Kimya. Anauliza tena kwa Kiswahili, anangoja vilevile. Nyuma yake wanafunzi kumi na wanne, wauguzi na walimu wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, wanaandika majibu yote mawili, hata pale ambapo jibu ni kimya.

Hili ni darasa la kwanza la cheti cha tiba ya usemi kwa lugha mbili katika chuo kikuu kimoja mjini hapa. Miezi tisa, kila Jumamosi. Aliyelianzisha si profesa. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwenye miaka arobaini na sita, na kilichomsukuma ni kosa lake mwenyewe.

Miaka mitano iliyopita aliletewa Edouard Muteba, karani mstaafu wa reli kutoka Kasaji, naye amepigwa na kiharusi. Karatasi za kupima usemi zilikuwa za Kifaransa, lugha aliyoitumia kazini maisha yake yote. Kwa wiki sita hakujibu neno. Domitille akaandika kwenye faili: hasemi. Ndugu wakaanza kupanga kuuza shamba lake bila kumuuliza.

Wiki ya saba mkewe, Huguette, alifika kutoka Kasaji. Akawa anamlisha uji huku akimsimulia habari za nyumbani kwa Kilunda, lugha ya kwao. Domitille, ambaye bibi yake alikuwa Mlunda, alikuwa mlangoni. Akasikia mzee akiuliza kama mihogo imeshatolewa majini.

"Mi nilisikia haya sana," anasema. "Haikukuwa tata, ule muzee, mwenye alishindwa. Ni mi nilimuuliza na luga yenye ilikuwa imemutoka."

Alimwomba radhi, akaanza upya kwa Kilunda. Kisha akaandika ombi la kuanzisha cheti hicho. Baraza la chuo likalikataa mara mbili. Mjumbe mmoja, Mukendi, alitaka kujua lugha za nyumbani zitamfikisha mwanafunzi wapi. Mara ya tatu Domitille alikwenda na Edouard, kwa ridhaa yake, pamoja na Huguette.

Wajumbe walimuuliza Edouard kwa Kifaransa hali yake. Akatazama meza. Huguette akarudia swali kwa Kilunda, na mzee akajibu polepole, neno moja moja. Mkewe akawatafsiria:

"Anasema: Mi si bubu. Muniulize muzuri."

Mukendi akaondoa pingamizi.

Kifaransa cha Edouard hakijarudi chote, gazeti husomewa. Lakini shamba bado analo. Aliwakatalia ndugu zake mwenyewe, kwa kinywa chake.

Tangu hapo Domitille amepekua faili zake za zamani. Wagonjwa wengine kumi na saba aliwapima kwa Kifaransa pekee. Kumi na mmoja amewapata na kuwapima tena kwa lugha za nyumbani kwao. Wanne kati yao walikuwa na maneno. Darasa likimalizika, anakusudia kwenda na wanafunzi wake hadi Nzilo na vijiji vya njia ya reli kuwatafuta waliobaki.

"Sita bado sijabaona," anasema. "Labda bamoja balishakufa. Lakini nitaenda kuuliza."