Gaju Anachechemea Kushoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pikipiki imeshaiacha bandari ya Rubona na Phocas hageuki nyuma. Ameshika mabega ya dereva, mguu wa kulia ameunyoosha kama ufito. Huko nyuma mkewe, Vénantie, muuza samaki wadogo waitwao sambaza, bado anapiga kelele, ndoo kichwani.

"Phocas, we! Goti usiwaonyeshe!"

Phocas ana miaka hamsini na mitatu na kazi yake ni kubeba magunia bandarini. Siku ikiwa nzuri hupata faranga elfu tatu. Leo ameyaacha magunia, anakwenda mjini Gisenyi kuomba kazi ambayo alishawahi kuifanya: kuwa ng'ombe.

Waliokuwa wakitazama runinga za baa zaidi ya miaka ishirini iliyopita wanamkumbuka Gaju, ng'ombe mwekundu wa tangazo la maziwa ya unga. Alikuja akichechemea, kengele shingoni, akiuliza, "Kikombe kiko wapi?" Watoto walitoka shule wakichechemea. Watu wazima walichechemea harusini. Ndani ya vazi lile la manyoya alikuwamo Phocas.

"Asubuhi ya kupiga picha nilikanyaga musumari," anasimulia. "Mi nalia mule ndani, wao wanacheka. Mwenye kamera anasema, bon, vilevile, usibadilishe! Donc nikabaki vile siku tatu."

Jina lake halikuandikwa popote. Uso haukuonekana. Miaka minane iliyopita aliteleza na gunia la viazi vya Mudende, goti la kulia likaharibika. Daktari alitaja laki tatu na nusu kulitengeneza, Phocas akashukuru akaenda zake nyumbani. Mwezi uliopita redio ikasema kampuni inamrudisha Gaju, na atakayemvaa atalipwa laki nne.

Kwenye ukumbi wa usaili Gisenyi wamefika watu kumi na wanne. Anayewachagua ni Nziza, mwanamke aliyekulia Bukoba.

"Mi ndiyo Gaju," Phocas anamwambia. "Ule wa kwanza."

"Mzee wangu, wewe ni Gaju wa tano tangu asubuhi. Hebu tembea."

Anatembea. Ili achechemee kushoto, inabidi uzito wote aubebeshe mguu wa kulia, na goti linakataa. Nziza anatazama tangazo la zamani kwenye simu, anatazama miguu ya Phocas, anarudi kwenye simu.

"Samahani, baba. Gaju anachechemea kushoto. Wewe unachechemea kulia."

"Ule ulikuwa musumari. Hii ni goti. Mi sikuchagua."

Watu wanacheka. Phocas naye anacheka kidogo, halafu anatafuta kiti.

Anaingia Teta, msichana wa miaka kumi na tisa, ambaye tangazo lile lilipotoka alikuwa hajazaliwa. Anachechemea ukumbi mzima. Kisigino cha kushoto kinagusa chini kwa woga, kana kwamba kidonda bado kimo. Phocas anakodoa macho.

"Nani alikufundisha?"

"Dada yangu. Tulikuwa tunacheza hivyo njiani tukitoka shule."

"Iko sawa. Lakini kengele inalia mguu ukishuka, mama, siyo ukipanda." Anamwonyesha kwa mkono, amekaa.

Teta alipata kazi. Nziza amehamishiwa Musanze. Mwenye kamera wa zamani alishafariki, na vazi la kwanza liliishia kwa panya ghalani. Vénantie anauza sambaza palepale. Phocas alilipwa elfu thelathini kwa asubuhi mbili za kumfundisha Teta, akarudi bandarini. Magunia hayawezi tena, anabeba ndoo. Zile elfu thelathini hajazigusa, anasema ndizo mwanzo wa goti, na likipona atakwenda Busasamana kwa miguu kumsalimia dada yake.

Tangazo jipya linaonyeshwa kila jioni. Watoto wa Rubona wanamfuata Phocas gatini wakichechemea.

"Muzee," wanamwambia, "unakosea mguu!"