Sauti Kumi na Tisa za Jibondo

Taufiki anafundisha kompyuta sekondari pale Kilindoni, na jioni zake alikuwa amewapa watu asiowajua. Watu hao, waliotapakaa dunia nzima, wanatengeneza bure programu ya simu inayoonyesha maji kujaa na kupwa. Kila mtu ruhusa kuitumia, kila mtu ruhusa kuirekebisha, ndivyo wanavyosema. Ila mashauri yao yote ni ya kuandika, tena kwa Kiingereza, na programu yenyewe ni mistari na tarakimu tupu, utadhani mwani haulimwi ila na waliosoma.

Mama yake, Bi Mwanamkuu, mkulima wa mwani kisiwani Jibondo, hajui kusoma. Yeye na wenzake kumi na wanane walitaka programu iseme, wakajirekodi mmoja mmoja: "Leo bamvua, maji yatakupwa mbali." "Maji mafu leo, hayatakupwa sana, kaa nyumbani." Taufiki aliwaahidi kuwa sauti zile zitaingia, akawaandikia wasimamizi wa programu ombi. Miezi minne aliinamia kazi hiyo, chakula kikipoa mezani. Siku moja mkewe, Shamsa, akamwuliza, "Na mimi nikiwa na ombi, niliandike wapi ulisome?" Taufiki aliona haya, lakini hakuacha.

Ombi la sauti lilikuwa limebaki kupitishwa tu na wasimamizi, mama yake Shamsa alipofariki huko Baleni. Taufiki aliifunga kompyuta, akaiacha Kilindoni. Alichimba kaburi na wenzake, akateka maji, akaketi jamvini kupokea pole. Walikaa siku kumi na sita. "Safari hii nimekuona, mume wangu," Shamsa alimwambia, na katikati ya msiba ule Taufiki akafurahi.

Hakumwandikia msimamizi yeyote, wala jambo hilo halikumpitia akilini. Kisiwani habari ya msiba hufika yenyewe, na mfiwa haulizwi kazi mpaka tanga lianuliwe.

Aliporudi alikuta ombi limefungwa. Siku ya pili ya msiba msimamizi mmoja alikuwa ameuliza swali dogo tu, nani amezihakiki sauti zile. Siku kumi na nne zikapita kimya, mtambo ukalifunga wenyewe na kuandika kwamba inaonekana hakuna anayelihitaji. Taufiki alieleza yaliyompata. Akapewa pole, kwa upole kabisa, akaambiwa toleo jipya limeshapangwa bila sauti. Akitaka aanze upya, na watumiaji watano wajiandikishe kwa barua pepe walitetee ombi. Barua pepe, kwa Bi Mwanamkuu! Wala hakuwa na wa kugombana naye. Yule msimamizi naye alikuwa anauguza mtoto, naye anafanya kazi bure.

Adhuhuri mama yake akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wenzako wamesemaje?"

Shamsa alikuwa ameshaandaa chakula, anamsubiri. Taufiki alishindwa hata kudanganya.

"Wanasema hawakuona kama kuna anayelitaka."

"Si uliwapa sauti zetu?"

"Niliwapa."

"Wamezisikiliza?"

Ukurasa ule huonyesha kila sauti imefunguliwa mara ngapi. Taufiki akatazama mojamoja mpaka ya kumi na tisa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Bado, mama."



"Pengine tulisema kwa sauti ndogo," Bi Mwanamkuu akasema. "Njoo Ijumaa, tuseme tena."