Mke Mwenza Aliyetundikwa Jikoni

Ziwa liliingia jikoni kwa bibi bila kupiga hodi. Sisi watu wa Rumonge tulishazoea kuliona likipanda na kushuka, lakini safari hii lilipanda likasahau njia ya kurudi. Lilikula kwanza mchanga tuliokuwa tukianikia ndagala, wale dagaa wetu, likala migomba, likala choo, na shangazi aliponipigia simu Bujumbura maji yalikuwa yameshafika kwenye mafiga.

"Kuja utoe vitu vya mama," alisema. "Ile nyumba haiko tena yetu. Iko ya viboko."

Basi nikaenda. Bibi mwenyewe tulikuwa tumeshamhamishia kwa shangazi, kule mlimani juu ya barabara kubwa. Nikakunja suruali, nikaingia jikoni maji yakinifika magotini, nikatoa kinu, nikatoa chungu cha maharage na miiko iliyokuwa ikielea. Nilipoinua macho kuaga, niliona kitu juu kwenye boriti, katika ule weusi wa moshi wa miaka yote. Kilikuwa kirefu, kimefungwa kwa magunia na kamba. Nilirudisha kinu ndani, nikasimama juu yake nikakigusa kile kitu, na chini ya gunia vidole vyangu vikakutana na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Nikalia palepale ndani ya maji. Ilikuwa baiskeli ya babu, na sisi sote tuliamini iliuzwa chuma chakavu mwaka aliofariki.

Kama ulipita Rumonge siku zile, ndugu yangu, huenda uliwahi kumwona babu. Baiskeli nyingine zote za mji zilikuwa nyeusi, nzito, zimepakiwa madumu ya mawese mpaka mwenye nayo haonekani. Ya babu ilikuwa ya mbio, bluu, nyembamba, na matairi yake hayakuzidi unene wa kidole gumba. Aliachiwa na mzungu mmoja wa kinu cha mafuta ambaye babu, fundi cherehani, alimshonea suruali kwa miaka mingi. Mzungu alipofunga virago akamwachia baiskeli. Watu walimcheka. Baiskeli isiyo na kiti cha nyuma, walisema, itabeba nini?

"Itanibeba mimi," babu alijibu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kila Ijumaa, baada ya swala ya alfajiri, babu alipanda baiskeli yake kwenda Magara kununua mukeke wa chakula cha mchana. Sasa nielewe vizuri. Ua wetu uliishia ziwani. Wavuvi walifunga mitumbwi yao nyuma ya jiko letu, na bibi angeweza kununua samaki anayerukaruka bila kuacha moto wake. Magara ni mbali, ni asubuhi nzima ya kukanyaga pedeli. Lakini babu alishikilia kwamba mukeke wa Magara una mafuta mengine, na ladha nyingine, na hata mifupa yake ni ya adabu.

"Ziwa ni lile lile," bibi alikuwa akisema huku akipuliza moto. "Huyu muzee hafuate samaki. Anatembeza bibi yake mudogo."

Bibi mdogo ndiyo ile baiskeli. Bibi aliiita mke mwenzangu mbele ya wageni, bila hata kutabasamu. Mimi nilikuwa mke mwenza wa pili, maana babu aliniita mchumba, kama ilivyo kwa babu na wajukuu wao wa kike. "Niko na wake wenzangu wawili," bibi alilalamika. "Moja anakula sana, na ule mwengine anakunywa mafuta." Na kweli baiskeli ilikunywa mafuta, ya kopo dogo la cherehani ambalo babu alilificha juu ya kabati. Mnyororo ukilia, mtu yeyote mwingine wa Rumonge angepaka mawese kwa kidole na kuendelea na safari. Babu hakukubali hata tone. Mawese ni ya maharage, alisema, na siku jirani alipojaribu kumsaidia kwa kopo la mawese, babu alikaa jioni nzima akiufuta mnyororo kwa kitambaa, pingili moja moja, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Mimi nilikuwa nikimsubiri mwanzo wa mji, kwenye michikichi. Nilikaa juu ya makuti makavu nikitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ambayo saa zile huwa haijaamua kama ni milima au mawingu. Harufu ya ndagala zinazokauka ilikuja na upepo, kisha harufu ya mawese yanayochemshwa upande wa pili wa barabara, na baina ya harufu hizo mbili nilikuwa nikisinzia. Kilichoniamsha ni mlio. Babu alikuwa akiacha kukanyaga pedeli akinikaribia, na gurudumu la nyuma likaanza tikitikitikitiki, laini, bila haraka.

Alinipandisha kwenye bomba la mbele, juu ya kitenge kilichokunjwa, akanivisha mukeke shingoni, wamefungwa kwa majani mabichi ya mgomba, wakinidondoshea maji tumboni. Vijiti vya gia siku hizo vilikuwa chini, kwenye bomba linaloshuka kuelekea pedeli, na mguu wangu haukukosa kuvipiga teke. Mnyororo uliruka, baiskeli ikapepesuka, babu akasema, "Mchumba, utatuua." Kisha tukaiacha barabara, tukashika kinjia kinachoteremka kwetu, na pale hakukanyaga tena. Tuliteremka kwa mlio ule tu, upepo ukiingia ndani ya gauni langu, ziwa likija mbele yetu kubwa na jeupe. Nilidhani maisha yote yatakuwa kuteremka namna ile.

Bibi hakuwa na saa. Alipousikia mlio, alibandika sufuria ya maji ya bugali. Hakutoka nje wala hakuita. Tulipofika mlangoni maji yalikuwa yameanza kuchemka, na yeye amekunja uso, anauliza kama wale samaki walisafiri salama.

Babu alifariki sijamaliza shule ya msingi. Watu wa matanga walipoondoka, misumari miwili ya ukutani sebuleni, iliyokuwa ikishika baiskeli, ilikuwa mitupu. Tulimuuliza bibi. "Imeenda," alisema, akaendelea kupepeta mchele. Shangazi alinuna kwa muda mrefu. Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa jioni ile ya kutoa vitu nilipanda mlimani nikamwambia bibi nilichokikuta. Macho yake yameshaondoka, anaona mwanga na kivuli tu, na sikio la kushoto limeshaanza kufuata macho. Nilitegemea maelezo.

"Ulitaka niilaze wapi?" alisema. "Mu salon, pale ukutani, ilikuwa inaniangalia." Akapapasa upindo wa mkeka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bado inalia?"

Nikasema sijui.

"Ningeisikia mara moja. Moja tu. Mbele ya hili sikio lililobaki kufunga."

Hilo ndilo alilolitaka, na mimi nikamwahidi kabla sijajua naahidi nini.

Fundi wa baiskeli wa pale sokoni aligonga bomba kwa ukucha, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Dada, hii kinga, hii baiskeli yenu, imekufa. Miaka yote mu moshi, na sasa hii unyevu ya ziwa. Ndani iko kutu tupu. Tuikate, nikufanyie mukokoteni muzuri." Nilimwomba afungue kwanza. Tukakubaliana kwamba kama ndani imeoza, ataikata, nami nitatafuta maneno ya kumwambia bibi.

Alishika kiti akajiandaa kupigana nacho. Mti wa kiti ulitoka bila ubishi, umevaa kitu cha rangi ya chungwa, kigumu kama sabuni. Fundi alinusa. Akanusa tena. Akaanza kucheka mpaka akaita wenzake.

"Nani alitia mawese mu kinga? Kuja muone! Walitaka kuikaanga!"

Alimwaga maji ya moto, na mawese yakaanza kushuka kwenye beseni, mekundu, mazito, na harufu yake ikanirudisha kwenye jiko lile kabla sijajizuia. Yalikuwa mengi. Yalijazwa juu, yakajazwa chini penye mhimili wa pedeli, hata kwenye vijibomba vyembamba vya nyuma, na nje pia alikuwa amepaka, ndiyo maana masizi yaling'ang'ania namna ile. Fundi aliangaza tochi ndani. Hakucheka tena. Chuma kilikuwa kinang'aa.

Mimi nilijua ni nani. Babu asingeruhusu tone. Na yale hayakuwa mawese ya kawaida, yalikuwa ya kukamua kwanza, yale ambayo bibi aliyaweka kwa wateja wa Bujumbura na sisi nyumbani akitupimia kwa kijiko. Mke mwenza alimwagiwa dumu zima. Nilimwona bibi akilini, miaka ile, akiwa peke yake usiku, haelewi lolote la baiskeli, anaifanyia kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Magurudumu hayakuwa na bahati hiyo. Yalivunjika mikononi mwa fundi, na lile la nyuma, penye meno ya gia, lilikuwa donge moja la kutu. Sauti ilikuwa mle. Fundi alilitupa kwenye pipa na moyo wangu ukaenda nalo.

Tulitafuta vya kisasa. Vingine nilivipata Bujumbura kwa mtu anayewatengenezea vijana wa mbio, vingine alivileta binamu yangu kutoka Ubelgiji, amevifunga kwenye soksi. Miguu ya nyuma ya baiskeli ya kizamani imebanana, gurudumu la siku hizi haliingii, hivyo fundi aliitanua kidogo kidogo kwa bolti ndefu na nati, akipima kwa uzi kutoka mbele hadi nyuma isije ikapinda. Breki mpya, mnyororo mwembamba, gia nyingi za kupandia milima, na vijiti vya kuzibadilishia vimehamia juu kwenye breki, mahali ambapo mguu wa mtoto haufiki. Fundi alitaka kuipaka rangi nyekundu. Nilikataa. Tuliiosha kwa sabuni na majivu mpaka bluu ya babu ikatoka, imekwaruzwa pale pale ilipokwaruzwa.

Ilipomalizika aliinua nyuma akazungusha gurudumu. Lilizunguka kimya kabisa.

"Unaona? Nimeijaza grisi," alisema kwa fahari. "Haisikike kabisa."

"Ifungue uitoe."

"Dada, itakula meno yake. Itaisha mbio."

"Acha iishe."

Alinitazama kama mtu aliyeharibikiwa akili, lakini akafungua, akafuta, akabakiza utando tu. Akazungusha tena. Ikalia. Si tikitiki ya babu, ilikuwa kali zaidi, ya haraka, kama panzi wengi kwa pamoja. Lakini ililia.

Niliichukua siku ya Ijumaa asubuhi. Nilipita mahali pa michikichi. Imebaki michache, katikati yake pana kituo cha mafuta. Kinjia cha kwetu kinateremka bado, kisha kinaingia ndani ya maji, na huwezi kujua kiliishia wapi. Mitumbwi hupita sasa juu ya ua wetu. Hakuna anayeanika ndagala pale, na jiko limeshalala chini ya maji. Nilisimama nikatazama kidogo, halafu nikaanza kupanda mlima kwa zile gia mpya. Nikaipita nyumba ya shangazi nimeibeba baiskeli begani, kimya, mpaka juu kabisa, ili nipate kuteremka.

Bibi alikuwa barazani akichambua maharage kwa vidole. Nikaacha kukanyaga. Mlio ukaanza. Nikamwona anainua kichwa, anageuza lile sikio la kulia, maharage yanamwagika kwenye mkeka. Nikafunga breki mbele yake.

"Sauti haiko ile," alisema.

Nikamsogezea baiskeli. Alinyosha mikono akaishika, akapita na bomba taratibu mpaka pale vijiti vya gia vilipokuwa zamani, pakabaki vijinundu viwili tu. "Hapa ulikuwa unapiga teke," alisema. Akanusa vidole vyake, vikinuka mawese kwa mbali. Akacheka, cheko fupi lililotoka mbali, na machozi yakamtoka pamoja nalo. Akageukia mlangoni. "We mutoto! Bandika maji ya bugali!" Shangazi, mama wa watoto watano, akaitika ndani.

Kisha akanigeukia mimi, akakunja uso kama zamani.

"Na samaki?"

Nilikuwa sina. Katika habari zote za magurudumu na breki, samaki hawakunijia hata mara moja.

"Angalieni wake wenzangu! Wawili wote, mikono mitupu!"

"Shangazi amenunua mukeke, bibi, wako ndani. Wa hapa hapa Rumonge. Ziwa ni lile lile."

"Nani alikudanganya?" alisema bibi. "Mimi nataka ya Magara."

Nikaigeuza baiskeli.