Neno Nililowanyima Watu wa Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa mtendaji wa kijiji huko milimani Ileje, ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, ofisi nikaipata kwa kupapasa. Leo nimestaafu, naishi Tunduma, lakini nikifumba macho nauona ukungu ule, na watu wakitokea ndani yake taratibu, wakinisalimu.

Bosi wangu, Mratibu wa Maafa wa wilaya, alikuwa mzee mkali aliyependa maneno kuliko chai.

"Bwana mdogo, usiniandikie balaa. Neno hilo lilitoka Uarabuni, na huko ni mtihani anaopewa mja. Maafa asili yake ni afa, jambo linaloharibu. Ila kwetu ofisini, maafa ni pale watu wanaposhindwa kujiinua wenyewe. Wakiweza, hilo ni tukio tu. Ukiandika maafa, gari la mahindi linakuja. Ukiandika tukio, haliji."

Mwaka uliofuata mvua ya mawe ilipiga mahindi yakianza kubeba. Nikafanya tathmini, yaani kupita nyumba kwa nyumba kuona kilichobaki. Nikafika kwa Mama Tusekile, mjane aliyelea wajukuu wanne.

"Shikamoo mama. Mnaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama tu. Karibu ule."

Akasonga ugali, akaleta na maharage. Nilikula nikashiba, jamani, shamba limelala chini lote mbele yangu! Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo: salama, karibu ule. Nikaandika: tukio, chakula kipo.

Gari halikuja. Wiki kadhaa baadaye nikamkuta Mama Tusekile anachemsha majani ya maboga matupu. Mjukuu mdogo alikuwa mkekani, hana hata nguvu ya kulia.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Mgeni hapokelewi kwa njaa, baba. Ule ndio ulikuwa unga wa mwisho."

Niliona aibu, nikalia palepale. Nikashuka mlima mbiombio mpaka kwa Mratibu. "Mzee, nimekosea. Ni maafa." Hakunigombeza, alichukua kalamu akasaini ombi la mahindi.

Mahindi yalifika. Yule mdogo tulikuwa tumeshamzika.

Vijana mnaopita majumbani mkijaza tathmini kwenye simu siku hizi, mkikaribishwa kuleni, ndiyo heshima. Kisha ombeni ruhusa, mwingie jikoni, mfunue debe la unga. Mimi sikufunua.